Rangi ya Machweo kama Ushahidi: Upigaji na Uhariri wa Picha za Mandhari katika Mwanga wa Jioni tangu 1883

Utangulizi

Tarehe 27 Agosti 1883 volkeno ya Krakatau, iliyoko kwenye mlangobahari wa Sunda baina ya Java na Sumatra, ililipuka kwa kishindo kilichosikika hadi kisiwa cha Rodrigues, karibu kilomita 4,800 magharibi yake. Vumbi na gesi zilizorushwa juu zilisambaa na kuizunguka dunia, na ilipofika Novemba ya mwaka huo anga la London lilianza kuwaka kila jua lilipokuchwa. Mchoraji William Ascroft alisimama ukingoni mwa mto Thames, mtaa wa Chelsea, akachora kwa chaki za rangi namna wekundu huo ulivyobadilika dakika hata dakika. Alichora michoro zaidi ya 500, na Royal Society ilipotoa ripoti yake kuhusu mlipuko huo mwaka 1888, baadhi ya michoro hiyo ilichapishwa humo kwa rangi.

Wakati huo kamera ilikuwa imekwisha kutangazwa kwa zaidi ya miaka arubaini. Wanasayansi waliotaka ushahidi wa rangi ya jioni walikuwa na kamera, walikuwa na wapigapicha hodari, na bado walilazimika kutegemea mkono wa mtu mwenye chaki. Picha ya kamera haikuwa na rangi, na hata katika weusi na weupe wake ilikuwa karibu kipofu kwa nyekundu, yaani kwa kile hasa kilichotafutwa.

Insha hii inauliza iwapo upigaji picha, ulipopata rangi, ulichukua nafasi ya chaki ya Ascroft kama shahidi. Msimamo unaotetewa ni kwamba haukuichukua kwa namna tunayodhani. Rangi ya machweo katika picha imekuwa, tangu mwanzo hadi leo, uamuzi wa mtu aliyeketi mezani: mkemia, msafishaji wa filamu, mchapaji, na sasa mwandishi wa programu. Uhariri haukuingia na kompyuta. Kwa hiyo mwanahistoria anayetumia picha ya jioni kama chanzo hana budi kuitendea kama mhakiki wa tendi anavyoutendea utenzi uliofika kwake katika nuskha kadhaa: kwanza aulize ni nuskha ipi, ya nani, na ya lini.

Suala hili si la wapenda picha peke yao. Mwaka 2007 Christos Zerefos na wenzake wa Athens walitumia michoro ya machweo ya karne zilizopita kukadiria vumbi la volkeno lililokuwamo angani michoro hiyo ilipochorwa. Ikiwa rangi ya jioni iliyochorwa kwa brashi inaweza kuhojiwa kama kumbukumbu ya hewa, mtu atauliza, na kwa haki, kwa nini rangi iliyopigwa kwa kamera isihojiwe. Vilevile, vita vya kuhifadhi mazingira vya karne ya 20 vilipiganwa kwa picha za rangi, na mahakama ya maoni ya watu ilizipokea picha hizo kama ukweli.

Jicho na bamba

Mchana mwanga wa jua hupita katika hewa kwa njia fupi. Jioni njia hiyo hurefuka mara nyingi, hewa ikatawanya sehemu ya buluu na kubakiza manjano na nyekundu. Wakati huohuo sehemu zilizo kivulini hazimulikwi na jua, bali na anga la utosini ambalo bado ni buluu. Jioni moja, basi, ina nuru mbili zinazopingana. Kwa kipimo cha Kelvini, mwanga wa adhuhuri hukadiriwa kuwa karibu 5,500. Jua linapokaribia upeo hushuka chini ya 3,000, na kivuli kilichomulikwa na anga tupu huweza kuvuka 8,000.

Jicho la binadamu huzisuluhisha nuru hizi bila mwenyewe kujua. Kanzu nyeupe hubaki nyeupe machoni petu, iwe juani, kivulini au chini ya taa. Giza linapoingia, jicho hubadilika tena: nyekundu hufifia kwanza, na majani huonekana yaking'aa kuliko maua. Bamba la kioo na filamu havina uwezo huo wa kuzoea. Kila kimoja kina hisia zake kilizopewa kiwandani, na hakizibadilishi kwa sababu jua limeshuka.

Kabla ya 1873, Hermann Wilhelm Vogel wa Berlin alipogundua kwamba emulsheni ikichanganywa na rangi fulani hupata hisia za kijani, mabamba yaliona buluu na urujuanimno tu. Anga la buluu lilitoka jeupe tupu, na wingu jekundu likatoka jeusi. Mafaransa walipata suluhisho la kienyeji: kati ya 1856 na 1857 Gustave Le Gray aliunganisha negativu mbili, moja ya bahari na nyingine ya mawingu, katika chapisho moja. Picha yake mashuhuri ya jahazi majini ilipata sifa kama picha ya mbalamwezi, ilhali ilipigwa jua likiwa angani. Watazamaji hawakulalamika. Mabamba yenye hisia za rangi zote hayakuingia sokoni hadi 1906.

Niruhusiwe kuingiza jambo moja la kwetu. Katika fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa katika pwani ya Waswahili, wakati wa Magharibi huisha kwa kutoweka kwa shafaki, yaani ule wekundu unaobaki baada ya jua kuchwa. Abu Hanifa kwa upande wake aliiona shafaki kuwa ni weupe unaoufuata wekundu huo. Wanazuoni hao wote walitazama anga lilelile. Waliotofautiana ni kuhusu ni rangi ipi ihesabiwe, na kila upande ulijua kwamba rangi ya jioni huthibitishwa na shahidi na huamuliwa kwa kanuni. Fasihi ya Kimagharibi kuhusu picha ilichelewa sana kuukubali ukweli huo mwepesi.

Mabamba matatu ya Prokudin-Gorskii

Kanuni ya kuzaa rangi zote kutokana na nyekundu, kijani na buluu ilionyeshwa na James Clerk Maxwell jijini London mwaka 1861. Aliyeifikisha kwenye mandhari kwa upana usio na mfano ni Sergei Mikhailovich Prokudin-Gorskii (1863–1944), mkemia wa Kirusi aliyejifunza kwa Adolf Miethe huko Berlin. Kati ya 1909 na 1915, akiungwa mkono na Tsar Nicholas II na akisafiri kwa behewa lililotengenezewa chumba cha giza, alipiga picha za dola ya Urusi kutoka Ziwa Seliger hadi Samarkand.

Kamera yake haikutoa picha ya rangi. Ilitoa bamba moja refu la kioo lenye picha tatu nyeusi na nyeupe, moja juu ya nyingine, kila moja ikiwa imepita kichujio chake: buluu, kijani, nyekundu. Picha hizo zilipigwa kwa kufuatana, wala si kwa mpigo mmoja. Hapa ndipo jioni inapoleta shida ya pekee. Chochote kilichosogea baina ya picha ya kwanza na ya tatu, kama wingu, wimbi au tawi la mti, huacha pindo za rangi zisizokuwapo duniani. Na kadiri mwanga unavyopungua, ndivyo kila picha inavyodai muda mrefu zaidi, ndivyo wingu linavyopata nafasi ya kusogea. Mtu anayetazama maji katika picha zake huona michirizi ya nyekundu na kijani inayocheza usoni mwa ziwa; hiyo ni alama ya saa, si ya maji.

Aliyezoea jioni za Ikweta, ambapo jua hushuka wima na mwanga wa baada ya machweo hudumu dakika ishirini na kitu tu, atashangaa kwamba kazi hiyo iliwezekana hata kidogo. Ila Prokudin-Gorskii alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kaskazini, ambako katika miezi ya kiangazi jua huteleza kwa mshazari na jioni hujivuta kwa saa. Nadhani historia ya picha za rangi imeandikwa bila kuupa uzito wa kutosha ukweli huu wa kijiografia: mbinu za polepole zilikulia katika nchi zenye jioni ndefu.

Lililo muhimu zaidi kwa hoja yetu ni kwamba rangi za Prokudin-Gorskii kwa sehemu kubwa hazikukaa kwenye kitu. Zilizaliwa ukutani kwa dakika chache, taa tatu zilipopitisha mwanga katika picha tatu na vichujio vitatu, kisha taa zikazimwa. Katika albamu zake alibandika machapisho ya rangi moja ya hudhurungi. Maktaba ya Bunge la Marekani ilipoununua mkusanyo huo kutoka kwa warithi wake mwaka 1948, ilipata takriban negativu 1,900 za kioo, wala haikupata hata machweo moja yenye rangi kutoka katika negativu hizo.

Rangi tunazoziona leo zilitengenezwa baadaye. Mabamba yalipigwa skani mwaka 2000. Kwa maonyesho ya mwaka 2001, Walter Frankhauser aliunganisha kwa kompyuta picha 122, akazipatanisha, akakata kingo, akarekebisha uwiano wa rangi, kisha akashughulikia sehemu mojamoja za picha. Mwaka 2004 Blaise Agüera y Arcas aliandika programu iliyounganisha mkusanyo wote bila mkono wa mtu kupita kila picha. Kwa hiyo zipo picha zilizo na nuskha mbili za rangi kutoka katika bamba lilelile, na mtafiti akiziweka pamoja ataona anga moja likiwa na joto na jingine likiwa na ubaridi. Zote mbili zimenukuliwa vitabuni chini ya jina la Prokudin-Gorskii na mwaka wa bamba. Kwa maoni ya mwandishi wa insha hii, huo ni unukuzi pungufu. Umbo ni la miaka ya 1909 hadi 1915. Rangi ni ya 2001 au 2004, na mhariri wake anastahili kutajwa.

Autochrome na filamu

Mabamba ya Autochrome ya ndugu Lumière, yaliyoingia sokoni mwaka 1907, yaliondoa tatizo la picha tatu kwa kutandaza chembe za wanga wa viazi zilizotiwa rangi juu ya kioo kimoja. Wapigapicha wa Albert Kahn waliyatumia kukusanya takriban mabamba 72,000 kutoka nchi nyingi kati ya 1909 na 1931. Yalihitaji mwanga mwingi mno, na jioni ilibaki kuwa jambo la wenye subira.

Mwaka 1935 Kodak ilitoa Kodachrome, iliyobuniwa na wanamuziki wawili, Leopold Mannes na Leopold Godowsky. Filamu za slaidi za aina hiyo, zilizokusudiwa kutumika nje, zilipimiwa mwanga wa mchana. Maana yake ni kwamba kiwanda kilikuwa kimeamua, kabla mpigapicha hajatoka nyumbani, kwamba weupe ni ule wa adhuhuri. Jioni iliyopita katika filamu hiyo ilitoka nyekundu kuliko alivyoiona aliyesimama pale, na vivuli vyake vikatoka buluu kuliko alivyoviona. Je, filamu ilisema uongo? Kwa kipimo cha mwanga, filamu ilikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko jicho. Kwa kipimo cha mtu aliyekuwapo, jicho ndilo shahidi. Ubishi mwingi kuhusu picha "zilizotiwa chumvi" hutokana na pande mbili kutumia vipimo hivi viwili bila kutaja.

Korongo la Glen

Hakuna mahali ambapo jambo hili lina uzito kama katika kazi ya Eliot Porter (1901–1990). Alisomea udaktari Harvard, akafundisha biokemia, kisha akaacha maabara akafuata ndege na misitu kwa kamera. Kuanzia 1960 alisafiri kwa mashua katika korongo la Glen, kwenye mto Colorado, mpakani mwa Utah na Arizona. Bwawa lilikuwa limekwisha kuidhinishwa mwaka 1956 na ujenzi ulikuwa ukiendelea. Milango ilifungwa Januari 1963, na mwaka huohuo Sierra Club, chini ya uongozi wa David Brower, ilichapisha kitabu cha picha za Porter, The Place No One Knew. Kitabu kilitoka maji yakipanda. Kilikuwa tanzia na wakati huohuo silaha, kwani mabwawa mengine yalipendekezwa katika Grand Canyon. Mipango hiyo iliachwa mwaka 1968.

Porter hakuwa mpenzi wa picha za machweo kwa maana ya jua jekundu kwenye upeo. Hata hivyo ndani ya korongo jioni huanza mapema. Jua huendelea kuwaka kwenye kuta za juu ilhali chini pameingia kivuli, na mawe hupokea nuru mbili kwa pamoja: ya chungwa inayorudishwa na ukuta unaowaka upande wa pili, na ya buluu inayoshuka kutoka katika ufa wa anga. Jiwe lililolowa huonyesha zote mbili. Msafiri aliyepita hapo hakuliona hilo kwa ukali ule, kwa kuwa jicho lake lilikuwa limelisawazisha. Filamu iliyopimiwa mchana haikusawazisha chochote.

Kisha ikaja meza ya kazi. Porter alichapisha mwenyewe kwa mbinu ya kuhamisha rangi, ambayo Kodak iliitoa kwa umbo lake jipya katikati ya miaka ya 1940. Slaidi hupigwa tena katika negativu tatu kupitia vichujio vitatu. Kila negativu huzaa utando wa jelatini. Kila utando hunyweshwa rangi yake, mmoja samawati, mmoja magenta, mmoja manjano. Halafu tando hizo hukandamizwa kwa zamu juu ya karatasi moja, zikilingana bila kupishana hata unywele. Katika kila hatua kuna mlango wa kuingilia. Utando ukioshwa zaidi, rangi yake hupungua. Negativu ya ziada ikibandikwa juu ya slaidi, tofauti kati ya mwanga na kivuli hupunguzwa. Mchapaji anaweza kukoleza samawati ya kivuli bila kuugusa ukuta wa chungwa. Yote ambayo leo hufanywa kwa vitufe yalifanywa hapo kwa maji, asidi na vidole.

Walijitokeza waliosema kwamba rangi hizo hazipo duniani. Porter alishikilia kwamba zilikuwapo na kwamba wengi hawajazoea kutazama. Ninaamini alisema kweli na kwamba wakosoaji wake nao walikuwa na hoja, kwa sababu swali lilikuwa limeulizwa vibaya. Buluu ya jiwe ilikuwapo. Kiasi chake katika chapisho kiliamuliwa Tesuque, New Mexico, katika chumba cha giza, na mtu aliyetaka korongo likumbukwe. Kufahamu hilo hakuudhoofishi ushahidi wake. Hati ya mdai mahakamani ni ushahidi pia, mradi tujue ni ya mdai.

Baada ya 1990

Mwaka 1990 Fuji ilitoa filamu ya Velvia, ambayo ukolezi wake wa rangi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba wapigapicha wa mandhari waliiacha Kodachrome kwa makundi. Galen Rowell, aliyekwisha kueleza utafutaji wake wa mwanga wa asubuhi na jioni katika kitabu Mountain Light cha 1986, alikuwa miongoni mwa walioitumia sana, pamoja na vichujio vyeusi nusu vilivyotiisha anga ili ardhi isizame gizani. Kwa maneno mengine, uhariri ulihamia kiwandani na mbele ya lenzi. Picha hizo huitwa "zisizohaririwa" kwa kuwa hazikupita katika kompyuta, na sifa hiyo haina maana.

Kamera ya kidijitali ilikuja na kosa la kinyume. Mizani yake ya weupe, ikiachiwa ijiendeshe, huutafuta weupe na kuufuta wekundu wa jioni kana kwamba ni dosari. Mpigapicha huurudisha baadaye kwa kukisia, mara nyingi akikumbuka machweo ya filamu badala ya yale aliyoyaona. Lakini faili ghafi la kamera lina faida ambayo bamba la Prokudin-Gorskii pekee lilikuwa nayo: huhifadhi vipimo vya mwanga vikiwa mbali na uamuzi wa rangi, hivyo uamuzi huo unaweza kufuatiliwa na kupingwa.

Pengine itadaiwa kwamba, ikiwa rangi haiaminiki, umbo linatosha. Upo mfano mzuri upande huo. Picha ya Ansel Adams ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, ilichapishwa tena na tena kwa miongo kadhaa, anga lake likizidi kutiwa weusi, na Adams mwenyewe hakuikumbuka vizuri tarehe yake. Mwaka 1991 Dennis di Cicco alikokotoa kutokana na mahali pa mwezi kwamba ilipigwa tarehe 1 Novemba 1941, saa kumi na dakika 49 alasiri. Weusi wa anga ulikuwa wa mchapaji, ila mwezi ulikuwa mahali pake. Hata hivyo jalada la National Geographic la Februari 1982, ambamo piramidi za Giza zilisogezwa karibu ili zienee kwenye ukurasa, linatuonya kwamba umbo nalo lina bei yake.

Kwa korongo la Glen, ulinganisho ambao ulidhaniwa hauwezekani tena umeanza kuwezekana kwa sehemu. Ziwa Powell, lililojaa kwa mara ya kwanza mwaka 1980, limeshuka sana kwa ukame na matumizi, na baadhi ya mahali palipozama, kama vile ukumbi wa mawe uitwao Cathedral in the Desert, pameonekana tena. Wapo wanaokwenda huko na kitabu cha 1963 mkononi. Kuta zilizotoka majini zimeachwa na utando mweupe wa madini, na nuru ya chungwa iliyokuwa ikirudishwa na mawe hayo hairudi kama zamani. Slaidi na machapisho ya Porter yamo katika Jumba la Makumbusho la Amon Carter, Fort Worth. Wino wa kitabu una rangi yake nyingine. Na ukuta wenyewe, jioni, una yake. Mtafiti atakayeziweka nuskha hizo pamoja atapaswa kuandika chini ya kila moja jina la aliyeiamua, na chini ya ule ukuta ataandika bwawa.